Kiangazi Figo Zangu Zilipolala

Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni ikachemka mpaka ikawa nyeusi. Naanzia hapo makusudi. Kama wewe ni mkimbiaji na umeona rangi hiyo baada ya mbio za jua kali, usimalize kwanza kusoma. Nenda hospitali, utamalizia huko. Kwenye viti vya kusubiri kuna muda mwingi, mimi ninavijua.

Naitwa Mwalimu Atieno. Nafundisha watoto wa gredi ya nne hapa Kisumu, na kwetu ni Kombewa. Mume wangu, Tobias, ni fundi wa umeme. Tuna mabinti wawili, Faith na Stacy. Kabla ya mwaka ule sikuwahi kulala hospitali isipokuwa siku za kujifungua, na labda ndiyo sababu nilidhani mwili ni kitu unachokiamuru, nacho kinatii.

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka arobaini na moja, baada ya viatu vyangu vya kazini kuanza kunibana na ngazi za shule kunitoa pumzi. Mwanzo nilikuwa natembea tu na walimu wenzangu asubuhi. Tukaongeza mwendo. Mwaka wa pili nikajiandikisha kwa mbio za kilomita ishirini na moja zilizoandaliwa na makanisa ya upande wetu, zilizopangwa Februari, mwezi ambao hata mbwa wa Kisumu hutembea kivulini.

Mdogo wangu Lilian ndiye aliyenipa moyo. Yeye huuza vitu vya wakimbiaji: viatu, soksi, na makopo ya ule unga wa kuchanganya na maji, wenye chumvi na sukari na ladha ya ndimu, unaorudisha mwilini kile ambacho jasho limetoa. Aliniletea kopo moja nyumbani akanionyesha kwa mkono wake.

"Kijiko kimoja kwa chupa kubwa ya maji, dada. Kimoja tu. Na unywe maji matupu pia, usiseme umeshakunywa hii."

Nilimsikia vizuri. Lakini chupa kubwa ilikuwa ikinigonga kiunoni nikikimbia. Kwa hiyo nikatafuta chupa ndogo, ile inayoingia kwenye kiganja, nikatia vijiko vinne. Niliona nimekuwa mjanja. Nguvu ileile, mzigo mdogo.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo sikumwambia mtu. Goti langu la kulia lilikuwa linauma tangu Desemba. Tobias alishanionya. "Mama Faith, siku hilo goti litakuzuia kupanda ngazi, hiyo mbio imeisha." Basi nikaanza kununua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa la mbali na nyumbani. Viwili asubuhi kabla ya kukimbia, viwili nikirudi. Nilivificha kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wangu, wenye zipu, pamoja na chaki. Goti likanyamaza, nami nikanyamaza.

Siku ya mbio tulipaswa kuondoka alfajiri. Mgeni wa heshima alichelewa. Tulisimama barabarani tukiimba, kisha tukiguna, na ilipopulizwa filimbi jua lilikuwa limeshapanda. Nilimeza viwili bila kula kitu, na nikabeba vingine viwili kwenye soksi. Hivyo nilivimeza nikiwa nimepita nusu ya njia. Kila meza ya maji niliyoipita nilionyesha chupa yangu kwa wale vijana, kama kusema, mimi ninayo yangu.

Nakumbuka ufuo wa Dunga kwa harufu. Harufu ya samaki ilikuja, halafu barabara ikaanza kuinuka upande mmoja kama meza iliyovunjika mguu. Nilikuwa nasikia baridi. Baridi, Februari, saa nne na nusu! Nilipofumbua macho nilikuwa kivulini, chini, na wanawake wanaouza samaki walikuwa wamenizunguka. Mmoja alikuwa akinipepea kwa kifuniko cha beseni. Mwingine alinivua viatu na soksi, akanimwagia maji miguuni, tumboni, kichwani, bila kuuliza nguo zangu ni za nani.

"Huyu hatoi jasho tena," akasema kwa sauti ya kuogopesha. "Ngozi imekauka kabisa. Leteni gari! Mimi nasema gari, si maombi!"

Sijui jina lake. Daktari aliniambia baadaye kwamba maji yale ndiyo yaliyonifikisha hospitali nikiwa hai. Nimerudi Dunga mara tatu kumtafuta, na kila ninayemuuliza huniambia wote walikuwepo.

Hospitalini, daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, aliniuliza swali moja ambalo natamani aniulize tena.

"Mama, kuna dawa yoyote umetumia? Ya presha, ya sukari, ya maumivu?"

Tobias alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika viatu vyangu vilivyolowa.

"Hapana," nikasema.

"Ni ule unga," Tobias akadakia. "Dada yake anauza unga fulani. Ndio amekunywa."

Daktari akaandika. Sikumsahihisha. Nilijiambia nimechoka, nitaeleza kesho. Kesho yake nilikojoa ile chai nyeusi, kidogo tu, na kesho kutwa sikukojoa kabisa.

Sitaeleza mambo ya kidaktari, siyajui vya kutosha. Niliambiwa misuli yangu ilivunjika kwa joto, na mabaki yake yakaziba figo ambazo tayari zilikuwa zimekauka. "Figo zimelala," daktari alituambia. "Mara nyingi huamka. Wakati mwingine haziamki. Tutakusafisha damu kwa mashine tukisubiri tuone." Neno lililonibakia ni lile la mwisho. Tuone. Nililala nalo wiki nyingi.

Walinitia mrija shingoni, chini ya sikio la kulia, na ncha zake mbili zikaning'inia kifuani. Nilivimba. Ukibonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye unga wa chapati. Pete ya ndoa ilitolewa kwa sabuni na machozi. Stacy, aliyekuwa na miaka sita, alipoletwa kuniona alisimama mbali. Akamuuliza baba yake, "Macho ya mama yameenda wapi?" Faith, ambaye ni mkubwa, akamvuta nje, na nilimsikia akimgombeza kwenye korido huku yeye mwenyewe analia.

Nilipotoka wodini, nikawa mtu wa Jumanne na Ijumaa. Hizo ndizo siku zangu za mashine, kwa muda wa saa nne kila mara. Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa waya, televisheni isiyo na sauti, na mzani. Kila mtu alipimwa kabla ya kuingia, maana uzito ulioongezeka ni maji uliyokunywa. Mzani haudanganyiki. Ungewaona watu wazima wakivua viatu, mishipi, saa za mkononi, hata miwani, kama wanafunzi wanaoogopa kuitwa ofisini.

Niliruhusiwa nusu lita ya maji kwa siku. Nusu lita kwa kila kitu: chai, mchuzi, maji ya kumezea dawa. Mimi niliyekuwa naamka nikifikiria kunywa kwa ajili ya kukimbia, sasa nilikuwa naamka nikifikiria kutokunywa. Jua la Februari likaingia Machi bila kupunguza. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ya sarafu. Nilikuwa nikimwona Tobias akimimina maji kwenye glasi na ninageuza uso, na yeye akaanza kunywa akiwa nje, nyuma ya nyumba. Aliyafanya hayo bila kuniambia. Niligundua kwa kuona glasi zimepangwa kwenye ukuta wa tangi.

Aliyenifundisha kuishi na kiu ni Mzee Barrack, mkulima wa Sondu, aliyekuwa mwaka wa nne kwenye mashine. Kiti chake kilikuwa cha dirishani, changu cha pili. Figo zake hazikuwa zimelala. Zilikuwa zimekwisha, na yeye alisema hivyo bila kushusha sauti.

"Usimeze kila mara, Mwalimu. Sukutua, tema," aliniambia siku ya mashine yangu ya tatu. "Na barafu, kipande kidogo, kiache kwa ulimi. Kiu ni kama mlevi kwa mlango. Ukimjibu, anaongea zaidi."

Nyumbani, Faith alichora mistari kwenye jagi la plastiki kwa kalamu nyeusi. Kila nilichokojoa kilipimwa humo. Kwa siku nyingi jagi lilikaa kavu, na nilikuwa naliosha hivyo hivyo, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Kisha, baada ya mashine ya sita, kikatoka kiasi cha kujaza nusu ya kikombe cha kahawa. Baada ya ya nane, kikombe kizima cha chai. Faith alikimbia na jagi sebuleni kumwonyesha baba yake, na Tobias, ambaye hata damu ya kuku humtia kichefuchefu, akalishika akaliinua kwenye mwanga na kusema, "Asante Nyasaye, Mungu wetu."

Wakati huo wote Lilian hakuruhusiwa kuingia nyumbani kwetu. Tobias alimkataza hospitalini, mbele ya watu. "Ulimuuzia dada yako sumu," alimwambia. Alikuwa akija Jumanne, anakaa kwenye benchi la nje karibu na duka la dawa la hospitali, na mimi nikiingia ninamwona, naye anainua mkono. Nilimpungia. Sikufanya zaidi ya hapo. Kila wiki niliyonyamaza iliifanya wiki iliyofuata kuwa ngumu zaidi. Nilikuwa naogopa kufa, hilo ni kweli. Lakini niliogopa pia Tobias aniangalie na kujua kwamba nilijifanyia mwenyewe.

Baada ya mashine ya tisa mgongo wangu ulianza kuuma vibaya, kwa kule kulala kwenye kiti bila kugeuka. Vidonge vilikuwa bado kwenye mkoba, kwenye zipu. Nilijiambia kwamba figo zimeshaamka, viwili haviwezi kudhuru. Nikameza viwili Ijumaa. Nikameza viwili Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa.

Jumatatu jagi lilikuwa kavu.

Jumanne mzani ulinisaliti hata kabla sijasema neno. Daktari aliangalia karatasi za vipimo, akaangalia tena. Alivuta kiti akakaa, na mtu akivuta kiti akakaa unajua. "Tulikuwa tunaelekea vizuri," alisema. "Sielewi. Kama hali itabaki hivi, itabidi tuanze kuzungumza kuhusu kutengeneza mshipa mkononi." Mshipa mkononi walikuwa nao wale wa mashine ya kudumu. Mzee Barrack alikuwa nao, umevimba kama kamba chini ya ngozi, na ukiugusa unatetemeka.

Muuguzi aliyenifunga kwenye mashine siku hiyo ni Sista Rose, mwanamke mnene wa makamo ambaye huongea akiwa anafanya kazi, hakutazami. Alikuwa akikata plasta.

"Mwalimu, siku ile uliletwa ulisema hujameza kitu."

"Ndiyo."

"Na hii wiki? Hata ya maumivu? Hata ya kuombwa kwa jirani?"

Aliacha kukata plasta akanitazama. Nadhani alikuwa ameshajua.

"Ngapi?" akauliza.

"Sita. Tangu Ijumaa." Halafu yote yakatoka: goti, duka la mbali, soksi, vijiko vinne, chupa ndogo. Nilikuwa nalia na mashine inapiga kelele kwa sababu nilikuwa natikisika. Sista Rose alishika bega langu kwa mkono mmoja na kwa mwingine akabonyeza kitufe cha kunyamazisha kelele.

"Hizo dawa zinabana figo hata za mtu mzima wa afya akiwa amekauka," alisema. "Wewe umezimwagia zikiwa ndiyo kwanza zinafumbua macho. Nipe huo mkoba." Akavitoa vidonge, akavitia mfukoni mwa sare yake. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. "Sasa daktari anajua cha kufanya. Kuna mtu mwingine anafaa kujua?"

Mzee Barrack, kwenye kiti cha dirishani, alikuwa amefumba macho, lakini najua hakuwa amelala.

Jumamosi mchana nilimwomba Tobias ampigie Lilian simu. Alikataa. Nikamwambia, "Baba Faith, mwite, kisha utukasirikie wote wawili pamoja." Akampigia. Lilian alikuja akasimama mlangoni, hakuvua viatu, kama mtu aliyeleta ujumbe tu.

Niliwaambia. Nilitumia maneno machache, maana nilijua nikiongeza nitaanza kujitetea. Nikamwambia Lilian kwamba alinionyesha kijiko kimoja, nami nilitia vinne, na kwamba nilikuwa nikimeza vidonge tangu Desemba nikaendelea hata juzi.

Tobias alisimama, akatoka. Tulimsikia akitembea nyuma ya nyumba, kwenda na kurudi. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa maji au nini.

"Umeniacha nimtukane mtoto wa wenyewe mbele ya watu," alisema. "Mwezi mzima, Mama Faith. Na wewe unaniangalia tu."

Kisha akamgeukia Lilian. Akamwambia tu, "Kaa chini, shemeji."

Lilian hakukaa. "Mimi nilirudisha makopo yote kwa mwenye duka anayeniuzia," aliniambia. "Kila usiku nilikuwa nasoma maandishi ya hilo kopo, dada. Yale madogo kabisa. Natafuta neno gani limekuumiza. Nimesoma mpaka nayajua kwa kichwa." Akafungua mkoba wake akatoa bahasha ya hospitali. "Na hii ni vipimo vyangu vya damu. Wiki mbili sasa nimeanza kupimwa. Zako zikikataa kuamka, nikupe yangu moja. Nilidhani nakulipa."

Sikujua nishike wapi. Nilinyoosha mkono, hakuushika siku hiyo. Aliiweka bahasha mezani akaondoka. Tobias alimsindikiza hadi barabarani, na walichozungumza huko ni chao.

Nataka niseme hili kwa anayeuguza na kwa anayeugua: ugonjwa haukuzuii kuwa mwongo. Mimi nilidhani mgonjwa husamehewa kila kitu. Mwili hausamehi usichouambia daktari.

Mashine ya kumi na moja, hakuna kitu. Ya kumi na mbili, hakuna. Mvua za masika zilianza wiki hiyo, na paa letu la mabati likanguruma, nami nikalala nikisikiliza maji yote yale nisiyoweza kunywa, nikihesabu. Niliogopa mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa naushika, naupapasa kutafuta mahali watakapokata. Ijumaa iliyofuata Lilian alikuwa mlangoni kwetu saa kumi na mbili asubuhi na mwavuli. "Twende," alisema, hakuna zaidi. Tangu siku hiyo alinisindikiza kila mara. Wiki mbili za mwanzo tulikaa kwenye viti vya plastiki bega kwa bega kama abiria wasiojuana. Ya tatu, alinipokea viatu nilipopanda mzani, na akavishika kwa mikono miwili mpaka niliposhuka.

Baada ya mashine ya kumi na nne, jagi lilipata robo. Sikumwita mtu. Niliogopa. Siku ya pili lilipita mstari wa kwanza wa Faith, siku ya nne ule wa tatu, na rangi ilikuwa ya majani makavu, kisha ya asali, kisha ile ambayo watu wenye afya huimwaga bila kuitazama. Vipimo vilishuka polepole. Mwanzoni mwa Mei, baada ya mashine ya kumi na tisa, daktari aliutoa mrija shingoni. Alinikandamiza kwa pamba muda mrefu, na nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikisubiri abadilishe mawazo.

Nguvu za figo hazikurudi zote. Kila miezi mitatu napimwa, na wiki nzima kabla ya hapo silali vizuri. Sikimbii juani. Natembea asubuhi mapema, na nikitoka jasho sana nachanganya unga kama nilivyoelekezwa, kijiko kimoja, chupa kubwa. Vidonge vya maumivu siviingizi nyumbani kwangu, na goti likiuma naliacha liseme.

Kilichonishinda zaidi siku ile ya Mei kilikuwa kumwambia Mzee Barrack. Alikuwa kwenye kiti chake, damu yake ikizunguka kwenye mirija. Nilisimama mbele yake na plasta shingoni. Nilijisikia kama mtu anayeshuka kwenye mtumbwi unaovuja na kuwaacha wengine.

"Wamekutoa," alisema.

"Wamenitoa, Mzee. Nitakuwa nakuja Jumanne kukusalimia."

"Usije." Alisema kwa ukali hadi nikashtuka. "Hapa hapana mahali pa kuja kusalimia. Ukitaka kuniona, mimi nina boma. Uliza Sondu, ukivuka mto, watu watakuonyesha."

Nilikwenda Juni, mimi na Lilian. Alikuwa kwenye shamba la mahindi, amevaa koti la mvua, mwembamba kuliko nilivyomzoea amekaa. Mkewe alileta uji wa wimbi, kikombe kikubwa cha bati kwangu, kingine kwa Lilian, na kwa mzee kikombe kidogo ambacho mtoto mchanga angekimaliza. Niliona aibu. Nilikiweka changu mezani, nikaanza kuuliza habari za mahindi.

Mzee Barrack alinikatiza.

"Mwalimu, bado unakojoa?"

Lilian nusura apaliwe. "Bado, Mzee," nikasema.

"Basi mbona unaacha uji unapoa?" Alisogeza kiti chake karibu, akakaa akiniangalia, mikono magotini. "Kunywa. Mimi nataka kuona mtu akimaliza."

Nikakiinua. Nilikunywa polepole mpaka chini, na yeye hakuangalia pengine.